Pindo, Mji na Jina

Muuza duka wa Mchangani hakutuuliza tunataka rangi gani. Alichomoa doti moja kwenye rundo lililokuwa nyuma yake, akaikunjua juu ya meza, na shangazi yangu akainama kuitazama. Maua hakuyajali. Wala hakukisugua kitambaa kati ya vidole kupima kama kizito au chepesi, kama mama yangu anavyofanya Kariakoo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa herufi kubwa ulio karibu na ukingo wa chini, akausoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akaisukuma kanga pembeni.

"Hii hapana. Nikiivaa mtaani kuna mtu atasema nimemkusudia yeye."

Muuza duka akaikunja bila kuuliza ni nani huyo. Akatandaza nyingine, nyekundu, katikati ina mananasi matatu makubwa na chini yake maneno: HASIDI HANA SABABU. Nikamuuliza shangazi mananasi yale yanahusiana vipi na hasidi. Akanigeukia, akanitazama kwa huruma kidogo.

"Hayahusiani. Kwani lazima yahusiane? Nikishaivaa mimi, ndiyo yatahusiana."

Maneno hayo nilitembea nayo siku zote tano nilizokaa Unguja, kwa sababu yaligusa mahali palipokuwa panauma.

Mimi nachora vibonzo. Mwaka jana nilimpelekea mhariri wa jarida moja kurasa nane zisizo na neno hata moja: nyumba ya kupanga ya Magomeni, vyumba sita na uwanja mmoja, tangu alfajiri mpaka watu wanapolala. Kila ukurasa niliugawa kama nyumba yenyewe ilivyo, kila kisanduku kikawa chumba, ili jicho liingie mlango wowote liutakao. Kurasa zilirudi zikiwa na wino mwekundu juu: Msomaji atapotea. Weka maneno. Kukataliwa nimekuzoea. Kilichoniuma ni kwamba nilimwamini. Nilipokuwa nafunga begi kwenda kumtembelea shangazi Kikwajuni niliitia na bahasha ya kurasa zile, nikidhani kwa utulivu wa huko nitapata nafasi ya kuzijaza hayo maneno.

Sasa nimesimama Mchangani, mbele ya ukuta mzima wa vitambaa ambavyo picha inasema lake na maneno yanasema lake, na wanawake wamejaa dukani wakisoma, na hakuna hata mmoja aliyepotea.

Kanga ina sehemu tatu ambazo watu wa pwani wanazijua kwa majina. Kuna pindo, ule ukingo unaozunguka pande zote nne. Kuna mji, uwanja wa katikati. Halafu kuna jina, yale maneno ya chini. Mchora vibonzo akisikia hivyo lazima ashtuke, maana ndivyo vitu vyetu vitatu: fremu, picha na maandishi. Ila sisi tumezoea kuvilazimisha vyote vitatu viseme jambo moja. Mtu akilia kwenye picha, tunaandika juu yake kwamba analia. Akigonga mlango, tunaandika ngo ngo ngo, na chini tunaongeza kwamba aligonga mlango. Msomaji habakishiwi kazi yoyote. Kwenye kanga, kati ya nanasi na hasidi pameachwa pengo, na aliyeachiwa pengo hilo ni mvaaji: siku aliyoichagua, njia aliyopita, mlango wa nani aliosimama mbele yake.

Na vazi hili halijawahi kuwa la pambo tu. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walichukua leso zilizokuwa zikiuzwa kwa jora, wakaziunganisha sita sita, wakapata vazi moja. Waliokuwa watumwa walivaa merikani na kaniki. Utumwa ulipofutwa kisheria hapa Unguja mwaka 1897, kaniki ikawekwa kando na kanga ikavaliwa, na kila aliyemwona mwanamke aliyeivaa barabarani alisoma habari nzima kabla hajafungua kinywa. Majina yalikuja baadaye, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi za Kirumi. Mombasa wanamtaja Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zinajulikana kwa alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla.

Shangazi alikataa kanga nyingi siku ile. Mwisho alichagua doti mbili, moja yake na moja ya mama yangu, ambaye ni wifi yake. Hiyo ya mama aliichagua peke yake. Alinipa mgongo, wakanong'onezana na muuza duka kwa muda, kisha nikakabidhiwa ikiwa imeshakunjwa. Nilichungulia jina: WEMA HAUOZI. Nikaona ni jina zuri la kumpelekea mama.

*

Mji Mkongwe nilikuwa nimeupita mara kadhaa nikiwa na haraka. Safari hii niliutembea polepole, nikitafuta milango.

Katika kichochoro kimoja upande wa Hurumzi nilimkuta fundi akichonga mwimo wa mlango mpya, ubao mrefu kunishinda, umelazwa juu ya magogo mawili. Alishika patasi nyembamba mkono wa kushoto na kwa mkono wa kulia aligonga na nyundo ya mbao, mapigo mafupi mafupi, kisha anapuliza vumbi. Nilimwamkia, nikamwomba anieleze yale maua.

"Umeanzia wapi kutazama?" akaniuliza.

Nikamwonyesha juu.

"Anza chini. Ukianzia juu utaona maua tu."

Nikahamia mwisho wa ubao. Chini kabisa palikuwa na samaki, magamba yake yamekatwa moja moja kama kucha ndogo, na mgongoni mwake mawimbi. Juu ya mawimbi kikaota kikonyo, kikonyo kikapanda kikizunguka, kikafunga ua la yungiyungi, ua likazaa kikonyo kingine, mpaka juu ambako siku moja patakaa kizingiti chenye tarehe na aya ya Kurani. Pembeni mwa yote hayo ulipita mnyororo, pete baada ya pete, bila kukatika. Watu wanaeleza kila alama kwa namna yao: samaki ni riziki au uzazi, mnyororo ni ulinzi, na wengine wanaona humo minyororo ya watumwa. Fundi hakutaka kunichagulia. Alichosisitiza ni njia ya kusoma: kutoka baharini kwenda juu, pande zote mbili za mlango kwa pamoja, na mfaa uko katikati. Nilisimama pale mpaka miguu ikachoka. Nimesoma vitabu vya kufundisha kuchora visanduku, vyote vinaanzia kushoto juu na kumalizia kulia chini. Ubao ule ulikuwa umekataa njia hiyo, na ukaeleweka.

Nikawakumbuka wachoraji wa mbali ambao kwa miaka nimewasoma kwa mshangao. Art Spiegelman na mkewe Françoise Mouly walianzisha jarida la Raw kule New York mwaka 1980, wakalifungulia wachoraji waliochoka na visanduku vya kawaida. Katika jarida hilo, mwaka 1989, Richard McGuire alitoa kurasa sita zinazoonyesha kona moja tu ya chumba. Ndani ya visanduku vyake kuna visanduku vidogo vyenye miaka tofauti, mtoto wa mwaka huu amekaa palepale alipokaa mzee wa miaka mingi nyuma. Baadaye, mwaka 2014, aliikuza ikawa kitabu kizima. Chris Ware mwaka 2012 alitoa hadithi ya jengo moja na wapangaji wake ndani ya boksi, vipande 14 vya karatasi vya kila umbo, anza popote. Nyumba yangu ya Magomeni, sifichi, ilizaliwa baada ya kumsoma Ware. Nilidhani nimeazima kwa watu.

Barabara ya Kenyatta kuna duka la picha la Capital Art Studio, lililofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe Rohit. Ndani, picha nyeusi na nyeupe zimejaa ukutani: masultani, maharusi, majahazi, mitaa. Niliitazama picha moja ya mtaa wenye watu waliovaa kanzu, nikatoka nje, nikageuka kushoto, na baraza lilelile la kwenye picha likawa mbele yangu, limekaliwa na vijana wawili wanaotazama simu. Kile alichokitafuta McGuire kwa kalamu, mji huu unacho bila jitihada. Lakini si chote. Ukienda Forodhani utaona Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ilivyopata jeraha; sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Mzee aliyekuwa akipita alisimama kando yangu, akaangalia, akasema "Alhamdulillahi kwa kila hali," akaenda zake.

*

Siku ya tatu ndiyo niliyoitoa bahasha.

Soko Muhogo kuna kijiwe kinachoitwa Jaws Corner. Kimepewa jina la filamu, kina papa aliyechorwa ukutani na simu ya mezani iliyotundikwa, yenye maandishi ya kukualika upige nje ya nchi bure. Pana ubao wa matangazo, bao, karata, na kahawa chungu katika vikombe vya sini vinavyoingia kiganjani. Nilikaa kwenye baraza, nikaamkia, nikanyamaza. Kwetu Magomeni baraza za namna hii zimekwisha. Wenye nyumba wamezijengea ukuta wakazifanya fremu za biashara, kwa hiyo ukitaka kukaa na watu lazima ununue kitu. Pale nilikunywa vikombe vitatu na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Mazungumzo yakafika kwenye magazeti ya zamani, nikataja Sani, jarida la vibonzo. Nyuso zikafunguka. Sani lilianzishwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na jina lake limetokana na majina yao, herufi mbili kwa huyu na mbili kwa yule. Lakini pale barazani lilikuwa na jina moja tu, la mhusika wake: Ndumilakuwili. Mzee mmoja akaigiza mwendo wake palepale, akiwa ameshika kikombe. Mwingine akataja Lodi Lofa. Hawakukumbuka hadithi zilikwendaje; walikumbuka mabega, matumbo, namna mtu anavyosimama akiwa anadaiwa. Hiyo ndiyo kazi ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na watu wake wakaendelea kuchorwa na wengine kwa sababu wasomaji hawakukubali wafe naye. Nyumbani kwetu nakala moja ilisomwa na ukoo mzima, dada yangu akisoma kwa sauti na kubadilisha maneno kila alipoona ya kwake ni mazuri zaidi.

"Na hayo makaratasi ya nini, mwanangu?" mzee wa Ndumilakuwili akaniuliza.

Nikampa. Akazitandaza kurasa zote nane juu ya baraza, akaziwekea vikombe zisipeperuke, na wenzake wakasogea. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha wakaanza, na hawakuanza ukurasa wa kwanza. Mmoja alianza na mpangaji wa chumba cha nne anayeshona usiku. Mwingine alimfuata mtoto mwenye ndoo kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kidole, akiwaruka watu wengine wote. Katika ukurasa wa tatu kuna mwanamke amesimama uwanjani karibu na bomba. Mimi nilimchora akisubiri maji yatoke.

"Huyu anasubiri barua," mzee akasema.

"Barua gani? Bomba hilo hulioni?" mwenzake akamjibu.

"Bomba nimeliona. Mtu anayesubiri maji hutazama ndoo. Huyu anatazama mlango."

Nikainama nitazame. Kweli anatazama mlango. Nilikuwa nimemchora hivyo mwenyewe, na miezi yote ile sikujua. Wakabishana sana, mwanamke yule akapewa mume aliyekwenda Muscat, akanyang'anywa, akapewa mwana aliyeko chuoni. Kisha yule aliyekuwa akimfuata mtoto wa ndoo akafika ukurasa wa saba, akasimamisha kidole.

"Hapa umekosea. Usiku umeuleta mapema. Mtoto hajarudi."

Alisema kweli. Ukurasa wa saba ulitakiwa kuwa wa nane. Mhariri wangu aliogopa kwamba msomaji atapotea, na hapa msomaji alikuwa amenishika mkono kunionyesha mahali nilipopotea mimi.

Nikawasimulia habari za mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake, iliyokuwa ikiitwa Zaire, kwa picha zaidi ya mia moja, moja baada ya nyingine, na alipozipeleka kwa mtafiti Johannes Fabian alikaa akazieleza kwa Kiswahili cha huko, sauti ikinaswa kwenye kanda. Mwaka 1996 Fabian aliziweka picha na maelezo katika kitabu. Wazee walitaka kujua kilichompata mchoraji, nikawaambia kwamba hakuonekana tena. Wakamwombea. Niliwaambia pia kwamba nadhani Tshibumba alichora akijua atakuwepo mtu wa kukaa naye mbele ya picha, kama walivyokaa wao mbele ya zangu, na kwamba sisi tunaochapisha tumesahau kumwachia mtu huyo nafasi ya kukaa.

*

Jioni ile shangazi alimtuma mjukuu wake urojo. Dar tunauita Zanzibar mix, na tunaumimina kwenye mfuko wa plastiki mpaka hujui unakula nini. Hapa ulikuja kwenye bakuli, rojo la manjano lenye ukali wa embe bichi, kachori zikielea, bajia, vipande vya viazi, yai lililokatwa, chatine ya nazi upande mmoja na pilipili upande wa pili ili ujichanganyie mwenyewe, na juu kabisa chipsi nyembamba za muhogo ambazo lazima uzile haraka kabla hazijalowa. Shangazi alizila zote kwanza. Nikamwonyesha kwenye simu kazi za Lubaina Himid, aliyezaliwa hapahapa Unguja mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga, na mwaka 2017 akapata Tuzo ya Turner. Amechora kanga, michoro yenye pindo na maneno. Shangazi aliitazama moja kwa muda mrefu, akaivuta kwa vidole viwili ili jina likue.

"Huyu katoka kwetu," akasema. "Jina kaliweka pahala pake."

Siku ya nne nilikwenda kusini. Daladala ikaacha migomba na mikarafuu, ikaingia ardhi ya mawe ambako kila shamba linapatikana kwa kubishana na jabali. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti mdogo, kwa nje paa la bati na kuta za chokaa, unaweza kuupita. Mtunzaji alinifungulia. Msikiti umejengwa upya zaidi ya mara moja, lakini upande wa kibla yamebaki maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye mwaka wa 500 wa Hijra, yaani 1107. Ni katika maandishi ya zamani kabisa yaliyobaki katika pwani yetu.

Mtunzaji aliyasoma polepole, kidole kikielea karibu na jiwe bila kuligusa, kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi nilitazama herufi. Vishina vyake vimesimama wima kama matete, na kila kimoja kinapofika juu kinachanua, kinakuwa jani. Nilijaribu kutafuta mahali herufi inapokoma na jani linapoanza, sikupata. Mchongaji hakuwa na herufi upande huu na pambo upande ule. Alikuwa na mkono mmoja na jiwe moja. Nikafikiria mwalimu wangu wa kwanza wa kuchora, aliyenifundisha kuacha nafasi tupu juu ya kichwa cha mtu kwa ajili ya kiputo cha maneno, picha kwanza, maandishi baadaye, kama mgeni anayewekewa kiti. Alinifundisha kwa nia njema na nimemtii miaka ishirini.

Nilikula ufukweni, wali wa nazi na changu wa kupaka, nikiangalia mashua za watalii zikirudi kutoka kuwatafuta pomboo. Niliporudi Kikwajuni niliuhamisha ukurasa wa saba. Maneno sikuweka.

*

Mama alinipokea Magomeni kwa chai, akauliza habari za wifi yake, afya yake, magoti yake, mjukuu. Kisha nikampa kanga. Akaikunjua juu ya kitanda, mara hii hakukisugua kitambaa. Akainama kwenye jina.

Akakaa kimya kitambo.

"Kachagua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ngapi alizikataa kabla ya hii?"

"Sikuhesabu, mama. Nyingi."

Akapitisha kiganja juu ya herufi, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. "Alipokuwa anaichagua, alikuwa anacheka?"

Nikajaribu kukumbuka. Nilichoweza kukiona ni mgongo wake, na muuza duka akiitikia kwa kichwa.

"Sikumwona uso."

Mama akaendelea kuitazama. Sikuthubutu kuuliza ni wema upi, wala ni wa nani kati yao wawili, wala ni wa mwaka gani. Akaikunja doti katikati, pindo juu ya pindo, akaishika mahali pa kukatia.

"Nletee mkasi," akasema.